Kidari cha Anayebaki Nyuma

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Temu kihambani kwake Uru, kati ya migomba na miti michache ya kahawa ambayo hakuna aliyeipogoa tangu augue. Msemaji wa familia alisoma wasifu: alizaliwa, alisoma, alifundisha, alistaafu, alikuwa mzee wa usharika, ameacha mjane na watoto. Mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kufunga mlango, akaongeza kwamba marehemu alipenda michezo. Sisi tulikuwa watano, wanawake wa miaka thelathini na kitu, wawili wetu tayari wana magoti mabovu. Ulipofika wakati wa mashada wakaitwa wajukuu, wakaitwa walimu wenzake, ikaitwa kwaya, wakaitwa majirani. Mzee mmoja wa ukoo aliyekuwa akipanga safu akatusogelea na kutuuliza kwa upole, "Na nyie kina mama, mnaweka shada kama nani?" Veronika ndiye aliyejibu. "Sisi ni wachezaji wake, baba." Mzee akauliza wa mchezo gani. Tukamwambia raga, ule mpira wa yai. Akatikisa kichwa kama anayeufahamu, kisha akauliza bila ubaya wowote, "Mlicheza wapi?" Tukatazama maua yetu. Akasubiri kidogo, akaona aibu kwa niaba yetu, akatupanga na majirani.

Kwa hiyo niliweka ua juu ya kaburi la mwalimu wangu kama jirani yake, mimi ambaye sijawahi kuishi Uru hata siku moja. Nilirudi mjini nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwangukia. Mzee hakukosea. Hatukucheza popote. Lakini mtu aliyeacha kazi yake ya dukani, akahamia kambini, akajiandaa, kisha akasubiri mwaka mzima mchezo usiokuja, anaitwa nani? Swali hilo nimetembea nalo tangu mwaka ule wa korona, na nilidhani nimeshalizoea.

Kambi yetu ilikuwa Rau, pembeni ya Moshi, katika nyumba ya uani ya mama mmoja mjane tuliyemwita Bibi Urio. Ilikuwa na vyumba viwili vya vitanda vya dabodeka, sebule isiyo na kochi, na jiko la nje lenye sufuria moja kubwa ambayo watu wawili walisaidiana kuitua. Tulikuwa kumi na wawili, maana raga ile ni ya watu saba uwanjani na watano benchi. Tulilala tukinuka dawa ya kuchulia misuli, na asubuhi tulipanga foleni ya choo tukiwa tumejifunga mataulo, tukisutana. Sikuzaliwa katika kelele za namna ile. Sitaeleza nyumbani kwetu. Inatosha kusema kwamba kabla ya Rau nilikuwa nimezoea kula peke yangu, nikiwa nimeupa mlango mgongo. Pale nilikula nikigombea kijiko. Veronika, msichana wa Tarakea kule mpakani Rombo, alilala kitanda cha juu yangu, na kila usiku kabla ya kusinzia aliuning'iniza mkono chini na kunigonga kichwani, ishara kwamba amekwisha kusali. Uwanjani yeye alikuwa ndiye anayeanzisha mashambulizi na mimi nilikuwa mlinzi wa mwisho. Wakipitwa wote, nabaki mimi na mtu anayekuja mbio, na nyuma yangu hakuna kitu ila mstari.

Mashindano yalikuwa ya kufuzu, nje ya nchi, mwezi wa nne. Kwetu ilikuwa mara ya kwanza kabisa. Jezi zilikuwa bado kwa fundi, pasi za kusafiria zilikuwa zimetoka, na Mwalimu Temu akaamua kwamba watu hawaondoki milimani kwenda vitani bila kuagwa. Akaenda mnadani Bomang'ombe akarudi na mbuzi kwenye buti la teksi. Alikuwa mbuzi jike mweupe, mwenye doa jeusi begani na tumbo la kumtia mtu hamu. Mwalimu alimzungusha uani kama bibi harusi. "Mtazameni. Huyu amekula majani ya Hai akayaelewa." Bibi Urio akatoka na kanga yake, akampapasa mgongoni, akasema ameshiba vizuri. Jirani yetu mwenye bucha naye akachungulia juu ya uzio, akasema huyo asipewe maji mengi, nyama italegea. Wote hao ni watu wa mlimani, wamekua na mbuzi uvunguni.

Jioni ile tulikula kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, na Mwalimu akaanza kumgawa mbuzi angali hai. Kwetu nyama ya mbuzi haigawiwi ovyo. Kila ukoo una mgawo wake, na kila mtu ana sehemu yake inayojulikana. Hata akiwa mbali hutengewa, na ukimnyima umemwambia kwamba si wenu. Mwalimu akasema timu nayo ni ukoo, kwa hiyo yeye ataweka mgawo. Shingo itakwenda kwa wanaosukumana. Mapaja kwa wenye mbio. Mbavu ni za benchi, kwa kuwa hao ndio wanaotushikilia pembeni. Ulimi ni wa nahodha, apate kusema na refa kwa adabu. Moyo akampa Veronika, na wote tukazomea kwa kuwa ulikuwa mdogo na yeye alikuwa mlafi. "Na Aneth?" akauliza mtu. Mwalimu akaniangalia huku akifuta miwani. "Aneth ni kidari. Kidari ni cha anayebaki nyuma." Kidari ni nyama ya kifua, nayo kwa wengi ni sehemu ya heshima, hivyo ugomvi ukawaka. Nahodha alitaka kubadilishana. Mmoja akasema mlinzi wa mwisho hafanyi kazi, anasimama tu kama mlingoti wa bendera. Mwalimu akasema sehemu yake yeye ni kichwa, atakunywa supu, na suala limefungwa. Mbuzi alikuwa amefungwa mlangoni akitafuna maganda ya ndizi na kutusikiliza.

Ilikuwa achinjwe Jumamosi. Katikati ya wiki shule zikafungwa, michezo ikasimamishwa, na simu ya Mwalimu ikaita tukiwa tunakunywa chai. Aliipokea uani. Sisi tulisikia upande wake tu: ndiyo, ndiyo mheshimiwa, hata sisi tunaelewa, ndiyo. Akarudi akasema yameahirishwa. Neno hilo, "yameahirishwa", tulilishika kama mtu anavyoshika ukingo wa kisima. Halikuwa neno baya. Mwalimu akasema watu watawanyike kwa wiki mbili tatu, wasiende mbali, waendelee kukimbia. Mbuzi asichinjwe, tutaagwa siku ikifika. Akahitaji mtu mmoja wa kulinda mipira na kumkatia mbuzi majani. Hakuuliza nani. Aligeuka tu upande wangu, na wenzangu wakacheka, "Si ndiye anayebaki nyuma?" Nami nikacheka. Ukweli ni kwamba nilifurahi, maana sikuwa na mahali pengine ambapo ningependa kubaki.

Veronika aliondoka wa mwisho. Mama yake alikuwa akiuza maharage na vitunguu kuvuka mpaka, na alihitaji mtu wa kumsaidia kabla njia hazijabana. Alipanga begi lake taratibu, akaacha raba zake chini ya kitanda. "Niache hivi, nitakuja kuzivaa," akasema. "Wiki moja, mbili. Usimzoeze huyo mbuzi, utashindwa kumla." Nilimsindikiza hadi barabarani. Tulipeana viwiko badala ya mikono, kama tulivyokuwa tumeelekezwa, tukaona ni upuuzi, tukacheka, kisha gari likaja.

Sijui kama kuna upweke unaopita ule wa nyumba ya watu wengi inapobaki na mmoja. Mwanzoni nilipika kwa sufuria ile ile kubwa kwa sababu nilijua vipimo vyake tu, na nikala makombo ya ndizi siku mbili mfululizo. Nilifagia vyumba vyote viwili. Jioni nilikwenda uwanjani na mpira mmoja. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna kocha anayelisema: raga haichezeki peke yako. Mpira wa miguu unaupiga ukutani unakurudia. Ule wa yai ukiutupa ukutani unarudi unakotaka wenyewe, mara mguuni, mara mtaroni, mara kwa ng'ombe wa watu. Nilijaribu kujipigia juu na kuudaka. Nilijaribu kukaba mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, nikaulaza chini, utomvu ukaniharibia fulana yangu nzuri, na mwenye mgomba akanitazama kwa huruma kubwa kuliko hasira. Baadaye nikawa nakwenda tu na kusimama mahali pangu, nyuma kabisa, nikitazama upande ambao wenzangu wangekuwa. Mlima ukiwa wazi niliutazama. Ukijifunika nilirudi nyumbani.

Kundi letu la WhatsApp lilikuwa na kelele mwezi wa kwanza. Watu walitumiana video za mazoezi, picha za matumbo, mzaha kuhusu mbuzi. Nilituma picha yake kila siku nao wakamwandikia, "Mwambie tunakuja." Halafu asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka nikatoka na beseni la maganda, nikakuta mbuzi amesimama, na karibu yake kitu chenye unyevu kinajaribu kusimama nacho. Nilidhani kwanza ni mbwa. Nikamwita Bibi Urio, akaja mbio na ndala moja, akashika kiuno. "Yesu wangu," akasema taratibu, "tulitaka kumchinja mzazi." Kuchinja mbuzi mwenye mimba kwetu ni aibu ambayo hata watoto wako wataulizwa. Na si Mwalimu tu aliyepofuka. Ni Bibi mwenyewe aliyefuga maisha yake yote, na mwenye bucha, na mimi niliyemkatia majani kila siku. Tulikuwa tumeshamgawa, na mtu akishagawa nyama hamwoni tena mnyama. Nilimpigia Veronika. Alicheka mpaka akakohoa, na nikamsikia mama yake nyuma akimwambia asikohoe mbele ya wateja. "Kwa hiyo moyo wangu umezaa," akasema. Tulizungumza hadi salio likaisha, na hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu ya mwisho kwa mwaka ule.

Kwa sababu ndivyo inavyokuwa. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Mpaka ukabana, Veronika akawa anashinda akitafuta wateja wa upande huu, akipokea simu anasema, "Nikupigie baadaye." Nahodha akapata kazi Arusha. Mmoja akaolewa kimya kimya, mwingine akaacha kujibu. Kundini zikaanza kuja habari za misiba, kisha michango ya harusi, kisha mafundisho ya kuchemsha tangawizi, kisha siku nzima bila kitu. Mwezi wa sita michezo ikaruhusiwa tena nchini, vijana wa mpira wa miguu wakarudi viwanjani wakipiga kelele, nami nikaosha mashuka yote kumi na mawili nikayaanika uani. Bibi Urio alinikuta nayatandika. Alishika ncha ya pili ya shuka tukatandika pamoja, na usiku nilimsikia ng'ambo ya ukuta akizungumza na mwanawe wa Dar kwa simu: "Yuko peke yake, anasubiri watu. Mimi simwambii kitu. Nimwambie nini?" Nilijifunika kichwa. Kusikia mtu mwingine akitaja hali yako kwa sauti ya kawaida kunauma kuliko kuijua.

Bibi ndiye aliyenitunza, ingawa kwa mkataba mimi ndiye niliyekuwa mlinzi. Alinifukiza. Alichemsha majani ya mlimao na mchaichai, akatufunika wote wawili blanketi moja juu ya sufuria ya moto, magoti yetu yakigusana, jasho likitutoka kama tumeiba. Ndani ya giza lile la mvuke akaniuliza, "Mae, mwanangu, huo mchezo wenu, mtu akishinda anapata nini?" Nikamwambia anaruhusiwa kwenda kucheza na wengine wakubwa zaidi. "Na hao akiwashinda?" Anakwenda kwa wakubwa zaidi ya hao. Akavuta pumzi ndefu ya mvuke. "Basi ni kama kupanda huo mlima," akasema. "Wazungu wanapanda, wanafika, wanashuka. Lakini wanapanda na wenzao." Nilimshukuru Mungu kwa mvuke, maana hakuna aliyeweza kujua kipi ni jasho.

Tangazo la mwisho lilifika kabla ya mvua za vuli. Mashindano hayataahirishwa tena, yamefutwa, na waliofuzu watapatikana kwa kuangalia matokeo ya miaka iliyopita. Sisi hatukuwa na matokeo ya miaka iliyopita. Mwalimu alipanda pikipiki akaja mwenyewe kuniambia, barakoa ikiwa kidevuni, amekonda. Tulikaa kwenye ngazi za jiko. Alirudia mara kadhaa kwamba si kosa la mtu. Kisha akamtazama mbuzi na mwanawe, ambaye sasa alikuwa ameota pembe, akasema, "Hawa nao tufanyeje?" Nikamwambia bado hatujaagwa. Akafuta miwani. Nafikiri alitaka kuniambia niende nyumbani, na nafikiri aliogopa kuniuliza nyumbani ni wapi. Akasema, "Haya. Disemba watu wote wanapanda kwao. Tuwaite."

Disemba Wachagga wote wa dunia hurudi mlimani, hiyo haina mjadala, na kweli magari yalijaa barabara hadi Marangu. Mwalimu aliita watu, lakini siku yenyewe homa ikamlaza kwake Uru. Nilifagia, nikachota maji, nikaazima viti. Akaja Veronika peke yake, siku ya pili baada ya Krismasi, akiwa amebeba parachichi na amevaa viatu vya wazi. Tulimsubiri nahodha hadi saa kumi, kisha hatukumsubiri. Mwana wa Bibi aliyetoka Dar alikuwa amekaa kivulini na bia, akauliza kwa nini mbuzi wanono namna ile wanaangaliwa tu sikukuu nzima. "Wana wenyewe," Bibi akamjibu. "Wako wapi?" Bibi akatuonyesha sisi wawili. Yule bwana akacheka. Bibi hakucheka. Alisema mbuzi aliyetajiwa watu kumi na wawili haliwi na wawili, na akanivuta pembeni. "Mpe huyu mwenzako yule mdogo amfugie kwao. Maziwa na mbolea ni vyake, mzao mtagawana. Sisi hivyo ndivyo tulivyokuwa tunafanya na watu wa mbali. Mfugo wako ukiwa uani kwa mtu, hamwezi kusema hamjuani."

Basi Veronika akaondoka na yule mdogo, mtamba asiyezaa bado, amefungwa miguu ndani ya gunia, kichwa nje, na raba zake zikabaki chini ya kitanda kwa kuwa tulizisahau. Mwezi wa kwanza nami nikaondoka. Mama mbuzi nilimwachia Bibi, hadi Bibi mwenyewe akatutoka na nyumba ikauzwa. Veronika alinipigia mtamba alipozaa, na tena mwaka uliofuata. Baadaye akabadilisha namba, au mimi nikabadilisha, na ikapita miaka mitatu kimya. Nilijiambia mbuzi wamekufa, au wameuzwa wakati wa ada. Kule msibani tulisimama bega kwa bega na nilichoweza kusema ni, "Uko mzima?" na alichoweza kujibu ni, "Niko. Bado uko Moshi?" Sikumwuliza kuhusu mbuzi, nikiogopa jibu. Tulibadilishana namba, akawahi gari la Rombo.

Jumamosi iliyopita nikapigiwa simu na kondakta. "Dada, una mzigo wako stendi, umetoka Tarakea. Njoo upesi, unavuja." Ulikuwa umefungwa kwa majani ya mgomba na kamba ya mgomba. Nilijua kwa mkono kabla ya kufungua. Nilikwenda nao hadi nyumbani kwangu, nikauweka mezani, nikakata kamba. Kilikuwa kidari kizima, kimekatwa vizuri, hata ngozi ya juu haijaguswa. Nikapiga simu nikiwa nimesimama.

"Umekipata?" Veronika akasema.

"Nimekipata. Ni wa nani?"

"Kwani una mbuzi wangapi huku? Ni mjukuu wa yule wa gunia. Nimechinja jana." Nyuma yake kulikuwa na kuku na mtu anachanja kuni. "Kila mtu nimempelekea cha kwake. Nahodha ulimi, sijui utafika Arusha ukiwa na hali gani. Shingo imekwenda Bomang'ombe. Wengine nimewapata kwa shida kweli, mmoja ameniuliza wewe Vero gani."

Nikamwuliza kwa nini sasa. Nilimsikia akiwafukuza kuku.

"Yule mzee," akasema. "Si alituuliza tulicheza wapi? Nimelala nalo hilo swali. Jibu sina, Aneth. Nikaona basi, angalau tuagwe."

Nikavuta kiti. Nikauliza kitu cha kuuliza. "Na kichwa?"

"Kichwa nimekipeleka Uru mwenyewe, leo asubuhi na mapema, sikutaka kukuamsha. Mjane wake akatoka, akaniuliza, mama, unaleta kama nani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia timu inaondoka kesho, imekuja kuaga."

Nilikichemsha kidari kwa chumvi tu, nikala peke yangu, kidogo kidogo, hadi mfupa. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Niliamka mapema, nikafunga goti kwa bandeji, nikaenda Rau kwenye kiwanja kile. Hakukuwa na mtu isipokuwa ng'ombe wawili, na mpira sikuwa nao. Nikapita katikati, nikarudi nyuma kabisa hadi karibu na mstari, nikageuka, nikasimama mahali pangu.